Umeme Kalipa Nani?

(Haya ni maneno nliyowaambia wasanii vijana hapa mjini Unguja Jumamosi ilopita. Watu wengi wameniomba niyaandike, basi nimekaa nimeyaandika kama nilivyosema, isipokuwa baadhi ya vichekesho nimeviondoa maana vinawahusu watu na watu wenyewe wapo na simu wanazo.)

Assalam alaykum. Nimeambiwa nizungumze sanaa na jamii, nna dakika arobaini, na huko nyuma naona kuna mtu keshatoa simu, mie sina neno. Ila kabla ya sanaa na kabla ya hiyo jamii nna suali moja tu. Huu umeme wa mafeni haya, kalipa nani?

Eeh, mnacheka. Mie kila nikiingia pahala wanapofanya sanaa kwanza natizama feni, afu natafuta mita ya tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, iko wapi, afu ndo natizama picha ukutani. Ni maradhi. Miaka kumi na kitu ya kuendesha uani mdogo wa sanaa Ng'ambo imenipa maradhi hayo, na leo nitawaambukiza kidogo.

Mie nimeanza kwa ndovu. Wengi humu mmeanza kwa ndovu, msijifiche. Nilikuwa nna miaka kumi na tisa, nakaa kwenye kibaraza njia ya Gizenga, nachora picha za tingatinga za watalii. Ndovu, twiga, Mmasai na mkuki wake, na nyuma yake jua jekundu. Unguja hii hakuna ndovu hata mmoja, mnyama wetu wa kujivunia ni kima punju wa Jozani, na kima punju hanunuliwi! Nshajaribu. Nilichora watatu juu ya mti wamejikunyata vizuri kabisa, wakakaa dukani mpaka rangi ikapauka. Mgeni alokuja kununua Afrika hataki kima, anataka ndovu.

Na siidharau tingatinga, nisieleweke vibaya. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kule Dar es Salaam, kibao cha hadibodi na rangi ya baiskeli, vitu alivyovipata karibu, akachora kwa mkono wake mwenyewe mpaka alipopigwa risasi na polisi mwaka 1972, walimdhania mtu mwengine. Yule alikuwa msanii. Mie nilokuwa Gizenga nilikuwa mashine ya kutoa kopi, afu mashine yenyewe inalipwa kwa kila kibao na mwenye duka anauza mara nne, mara tano.

Kilichonitoa pale ni kiza. Wakubwa humu wanakumbuka, Disemba 2009 waya wa chini ya bahari ukaharibika na kisiwa kizima tukakaa bila umeme miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Watalii wakapungua, mwenye duka akafunga, mie nikarudi kukaa nyumbani Ng'ambo sina kazi. Sasa hebu fikirini, hakuna tivii, hakuna feni, ndani hapakaliki, watu wote wako nje barazani mpaka saa sita saba za usiku. Watoto wananizonga, dada chora, dada chora. Nikachukua mkaa wa jikoni nikaanza kuchora kwenye ukuta wa jirani kwa mwanga wa koroboi, na safari hii sikuchora ndovu, maana mtoto wa Ng'ambo akikwambia nchoree kitu hakwambii ndovu, anakwambia nchoree bibi yangu, nchoree vespa ya baba, nchoree yule mwizi alopigwa juzi. Na kila mmoja anasimama nyuma yako anakusahihisha, bibi hakai hivo, bibi mguu mmoja anauweka juu. Miezi mitatu ile ndo skuli yangu ya sanaa, na nilipata na walimu wakali.

Umeme ukarudi, kila mtu akaingia ndani kwake akawasha tivii. Nikabaki mie na ukuta.

Basi nikawa na hamu ya kupata pahala. Na kosa la kwanza, nikakitafuta chumba Mji Mkongwe. Kwa nini? Kwa sababu nilijua sanaa inakaa Mji Mkongwe, ndo wanapopita wageni, ndo UNESCO walipouweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 na mambo yote. Nikapata chumba cha chini, Malindi, mimi na wenzangu watatu tunachangia kodi. Chumba chembamba kama ujuavyo nyumba zile, maana boriti za mikandaa zina urefu wake na chumba hakipanuki zaidi ya boriti inapofika. Tukapaka rangi, tukatundika picha kumi na mbili za karatasi, michoro ya mkaa ya ule wakati wa kiza. Siku ya kufungua tukaleta kahawa na kashata, wakaja Wajerumani sita na mbwa wa mtu.

Wiki ya tatu nafika asubuhi nakuta ukuta unatoa unga mweupe. Nikadhani ni rangi. Naugusa, naonja, chumvi! Karatasi zote zimejikunja kama chapati ilokaa nje, na zile za chini zimeota madoa. Nikaenda kumwita mzee mmoja fundi wa chokaa anakaa karibu na pale, akaja akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole, koh koh koh, akasema hapa nani kapiga saruji? Kumbe mwenye nyumba aliukarabati ukuta kwa saruji kutoka chini mpaka kiunoni ili upendeze. Sasa nyumba ya mawe ya matumbawe inapumua, maji yanapanda kutoka ardhini na ukuta wa chokaa unayatoa polepole, wewe ukiuziba kwa saruji maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi na chumvi yake, yanatoka pale saruji ilipoishia. Ndo pale pale tulipotundika picha. Mzee akanambia mwanangu, huu ukuta umevaa koti la mvua upande wa ndani. Akaondoka, hela hakutaka.

Nyumba ngapi zimekufa hivo, na nyengine kwa kuachwa tu. Beit el Ajaib yenyewe, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lililokuwa makumbusho yetu, limeanguka upande mzima tarehe 25 Disemba 2020 na limeua watu wawili waliokuwa kazini humo. Wasanii tunapenda kuzungumza maono, ukuta hatuuangalii.

Lakini chumvi haikuwa shida kubwa ya Malindi. Shida ni kwamba mwaka mzima mama yangu hakuja. Mama anatoka Ng'ambo kila siku anavuka kwenda Darajani sokoni, kutoka sokoni mpaka chumbani kwangu ni dakika nane za miguu, mwaka mzima hajaja. Nikamuuliza. Akasema, nije nifanye nini? Nikajibu kuangalia. Akasema, kwani mie mgeni?

Lile neno lilinikalia kifuani. Nyote mnajua Ng'ambo inaitwa Ng'ambo kwa sababu ya ile hori ya bahari iliyokuwa inapita hapo, upande huu mji wa mawe na upande ule watu wengine, na Darajani ndo palipokuwa na daraja. Hori imefukiwa zamani, imekuwa barabara, dala dala zinapita. Ila mama yangu anajua bado iko, na mie nilokuwa najiita msanii wa jamii nilikuwa nimekwenda kuweka jamii yangu upande ambao jamii haivuki.

Kodi nayo ikapandishwa, tukatoka. Nataka niseme tulitoka kwa msimamo lakini tulitoka kwa kodi.

Sasa huko Ng'ambo tulikohamia. Ni uani wa nyumba ya marehemu bibi wa mwenzetu mmoja, vyumba viwili vya matofali, bati, mwembe mmoja na bomba moja. Familia inachukua kodi ndogo na sharti lao ni kwamba siku ya hitima na siku ya harusi uani ni wao. Nimeshawahi kuhamisha maonesho mazima saa mbili usiku kwa sababu kesho yake kunapikwa pilau, sufuria tatu, picha zote tukazipeleka kwa jirani chini ya kitanda. Mfadhili mmoja alipewa habari hii akasema hiyo ni hatari kwa uendelevu. Mie naona ndo uendelevu wenyewe, kwa sababu nyumba inayopikwa pilau ya harusi haiuzwi ovyo.

Kabla ya kufungua nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, lazima, na nakushaurini muende kabla hamjabeba hata brashi. Sheha akauliza maswali ya maana kuliko andiko lolote la kuomba fedha nililowahi kujaza. Watoto watakuwepo saa ngapi? Wakati wa sala mtafanya nini? Wasichana watatoka na nani usiku? Choo kiko wapi? Choo! Sikuwa na jibu la choo. Tukajenga choo kwanza, ndo kazi yetu ya kwanza ya sanaa Ng'ambo, tundu moja, mlango wa bati.

Afu akaja ustadhi wa chuo cha jirani, kwa adabu zote, akaniuliza kuhusu picha za viumbe. Sikubishana nae, na sikujifanya kukubali jambo nisilolikubali. Nikamwambia kuna wanaochora watu na kuna wasiochora, karibu uone. Siku hizi kila Alkhamisi mchana vijana wake wanakuja kujifunza khati kwetu, yale maandishi ya Kiarabu ya mapambo, kalamu za matete wanachonga wenyewe. Yeye mwenyewe tukiwa na maonesho yenye sura za watu hapiti mbele, anazunguka njia ya nyuma kwenye migomba, afu ananipungia mkono juu ya ukuta. Tumekaa hivo miaka sita. Watu wananiuliza lini mtaelewana, nawaambia si tumeshaelewana?

Sasa nije kwenye hadithi nliyokuja nayo, maana yote yale ni bismillahi tu.

Mnamjua Lubaina Himid? Mtoto wa hapa, kazaliwa Unguja 1954, kachukuliwa mchanga kabisa kwenda Uingereza baada ya baba yake kufariki, na mwaka 2017 akapewa tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa kule Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Ana kazi moja ya mwaka 2004, watu mia moja wa ubao, warefu kama watu wa kweli, watumishi wa Kiafrika kwenye majumba ya matajiri wa Ulaya ya zamani, na kila mmoja mgongoni ana karatasi kama ya hesabu, jina lake la kweli, jina alilopewa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya, kazi anayofanyishwa. Na kachora sana kanga, kanga zetu hizi. Mie nilipoziona kwenye simu nikasema haya, yeye yuko mbali anachora kanga, mie nnalala juu ya kanga hizo hizo na sifanyi kitu.

Nikaandika mradi. Kila mama wa mtaa alete kanga moja yenye kisa. Ama alipewa, ama alinunua makusudi kumsemea mtu. Tunazitundika uani kwa kamba na vibanio kama nguo zilofuliwa, maana matofali ya uani wetu msumari haukai, na chini ya kila kanga simu ndogo inatoa sauti ya mwenyewe anaeleza kisa. Nikapata fedha kidogo. Nikarekodi kina mama thelathini na moja, na wallahi sijawahi kucheka vile wala kulia vile. Pindo, mji, jina, nyote mnajua kanga ina sehemu tatu, lakini jina likiwa na sauti ya alolivaa linakuwa kitu chengine.

Siku ya kufungua uani umejaa. Mama mmoja anaingia, simtaji, anapita anatizama, anasoma, anafika kwenye kanga ya kijani imeandikwa MWENYE WIVU AJINYONGE. Akasimama. Akaichukua simu akaiweka sikioni. Mie niko kwenye birika la kahawa namuona, nikaanza kuhisi baridi miguuni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akairudisha simu taratibu, akajitanda buibui lake vizuri, akauliza bila kupaza sauti: hii kaleta nani? Uani mzima wanatizama chini. Akasema, miaka minne nimevaliwa hii pale bombani, na miaka minne nikijisemea pengine si mimi.

Akaondoka. Baada ya robo saa akarudi na kanga yake mwenyewe, SOTE NI ABIRIA DEREVA NI MUNGU, akachukua vibanio viwili akaitundika uso kwa uso na ile ya kijani. Watu wakapiga makofi, kuna wageni walidhani imepangwa.

Mie sikulala. Kwa sababu nilielewa nilichokifanya. Kanga inasema bila mtu kusema. Mama anaweza kuivaa mwaka mzima mbele ya jirani yake na jirani akikasirika atajibiwa, kwani mie nimekutaja? Nimenunua kanga dukani, rangi imenipendeza. Mwanya ule ndo unaowawezesha wanawake wawili kugombana miaka minne na bado kuazimana chumvi, na bado kukaa pamoja kwenye msiba. Fumbo lina mlango wa nyuma. Na mie msanii, na simu zangu na andiko langu la kuwapa wanawake sauti, nikaenda nikauziba mlango ule. Saruji ile ile! Nani alinambia hawana sauti? Walikuwa wanazungumza siku zote, mie ndo niliyewafasiri.

Alfajiri, hata sijamaliza kukunja msala, hodi. Mwenye kanga ya kijani. Macho mekundu. Akasema mwanangu naitaka kanga yangu, na ile sauti uifute. Maonesho yalikuwa ni mwezi mmoja, hii siku ya pili, na Jumatano anakuja mtu wa mfadhili na kamera. Nilijaribu, nitasema kweli, nilijaribu kidogo, nikamwambia Bi mkubwa hebu ngojea mpaka Jumatano tu. Akanitizama. Hakujibu kitu. Nikaenda nikaishusha, nikaifuta sauti mbele yake, akaniomba nimuoneshe kwamba imefutika kweli, nikamuonesha.

Vibanio viwili vikabaki kwenye kamba na pengo katikati. Mpaka jioni ile wakaja wengine wanne kuchukua zao. Mwisho zikabaki kumi na tisa, na simu zote nikaziondoa. Jumatano mgeni kaja, kapiga picha, kafika kwenye pengo akauliza hili lina maana gani. Nikamwambia ni kanga ya mtu, imekwenda nyumbani. Akatikisa kichwa kwa heshima sana akaandika kwenye daftari, sijui kaandika nini.

Afu ndo ikaja fomu ya ripoti. Idadi ya wanufaika. Nikakaa na kalamu. Thelathini na moja au kumi na tisa? Yule wa kijani ni mnufaika? Wale wawili walikaa miezi mitano hawasemeshani kabisa, hata bombani mmoja akija mwengine anaondoka na ndoo tupu. Nikaandika ukweli wote kurasa mbili. Mwaka uliofuata hatukupata fedha. Simlaumu mtu, labda hata si kwa sababu ile, lakini mwaka ule tukaujua umeme unalipwa na nani.

Tulikuwa na tukuza ya elfu tano kwenye mita na kodi ya miezi miwili hatujalipa. Nikataka kufunga. Nikaenda kuwaambia kina mama waloleta kanga, kwa sababu uani walishauzoea, walikuwa wanasukia ukili pale chini ya mwembe mchana. Mmoja akasema kwani kodi kiasi gani? Nikamtajia. Akacheka. Akasema hii ni upatu wa watu ishirini. Na ndo ulivyokuwa na ndo ulivyo mpaka leo, upatu wa watu ishirini na moja, na uani ni mchezaji mmoja, yani uani una zamu yake kama mtu, unachangia na unapokea. Zamu ya uani ikifika tunalipa kodi ya miezi na tunanunua bati. Unapochangia uani unachangia nini? Tunauza chai, tunakodisha viti, nachora mabango ya maduka na kadi za harusi, na ndiyo, mara moja moja nachora ndovu.

Mwaka 2022 kundi la wasanii wa Jakarta, ruangrupa, wamepewa kusimamia maonesho makubwa ya documenta kule Kassel, Ujerumani, na wazo lao lilikuwa ghala la mpunga, wanaliita lumbung, kijiji kinaweka ziada pamoja na kugawana. Dunia ya sanaa ikashangaa, makala zikaandikwa. Nikawasomea kina mama. Wakaniuliza, na mtu asipolipa zamu yake wanamfanya nini? Suali zuri, sikulikuta kwenye makala. Na kule Houston, Marekani, msanii Rick Lowe alianza mradi na wenzake 1993 kwa vijumba 22 vilivyokuwa vibovu, baada ya mwanafunzi wa skuli kumuuliza kwa nini unatuchorea shida ambazo tunazijua, kama wewe mbunifu si ubuni cha kufanya. Hawa nawataja ili msidhani mnaanza wenyewe, si ili muige. Houston kuna vijumba, hapa kuna upatu na sheha na pilau ya harusi.

Suali nnaloulizwa kila mara, pahala ni pa nani. Najibu kwa funguo. Tuna funguo saba. Mmoja ninao mie, mmoja familia, mmoja ustadhi kwa ajili ya Alkhamisi, miwili iko kwa wasanii, mmoja kwa kina mama wa ukili. Wa saba ulikaa msumarini muda mrefu hauna mtu. Mwezi ulopita yule mama wa kijani kaja, kasema anataka kuanza kufika mapema na kumwagia maji miche, ufunguo akauchukua mwenyewe ukutani, hakuniomba. Na mwenzake anaingia nyuma yake na ndoo. Wanasemeshana? Sijui, na safari hii sirekodi.

Mwenyekiti ananionesha saa. Jumatatu tunapaka chokaa ukuta wa choo kabla masika hayajaanza, saa mbili asubuhi, mwenye ndoo aje nayo na mwenye brashi pana pia, chai ipo. Saruji msilete.